Upinde wa matabaka kwenye benchi la seremala: lipi kweli, lipi si kweli

Ukipanda daladala ya Gongo la Mboto kutoka mjini, Barabara ya Nyerere inakupitisha Keko palipopangwa vitanda na makabati kando ya njia, kisha Vingunguti, uwanja wa ndege, Banana, Mombasa, hadi mwisho wa gari. Katika njia hiyo randa na msasa havilali. Wapo mafundi wanaopinda migongo ya viti, wanaobandika veneri, wanaojua kwa kupapasa tu kama ubao umekauka. Kwa hiyo kijana wa huku anayeona kwenye simu upinde wa kisasa na kujiuliza kama anaweza kuutengeneza, anajiuliza akiwa mahali panapofaa. Anachokosa ni maelezo sahihi, kwa sababu maneno yanayozunguka kuhusu upinde huu mengi yanapotosha, na mengine yanaumiza.

Upinde ninaouzungumzia una sehemu tatu. Katikati kuna mpini wa mbao usiopinda kabisa. Juu na chini inafungwa mikono miwili kwa bolti, na ndiyo inayopinda. Kila mkono una kiini cha vipande vyembamba vya mbao, ukanda wa faiba mbele na mwingine nyuma, vyote vikiwa vimegandishwa kwa epoksi juu ya kalibu yenye umbo. Ncha za mikono zimegeukia mbele, upande wa shabaha.

"Upinde wa ncha zilizopinda ni kitu cha Wazungu. Sisi tulikuwa na fimbo na kamba."

Si kweli, mwanzo hadi mwisho.

Pinde za ncha zilizopinda zilikuwepo Asia na Mashariki ya Kati maelfu ya miaka kabla ya kiwanda chochote. Wapanda farasi wa Asia ya Kati walibandika pembe ya mnyama upande unaomwelekea mpigaji, mbao katikati na kano upande wa nje, kwa gundi ya kuchemsha ngozi au samaki. Hata Afrika zilifika zamani: kaburi la Tutankhamun lililofunguliwa Misri mwaka 1922 lilikuwa na pinde za matabaka miongoni mwa silaha za mfalme. Walichofanya watengenezaji wa Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili, akiwemo Fred Bear wa Michigan, ni kubadilisha malighafi. Pembe na kano zikaipisha faiba, na gundi ya samaki ikaipisha gundi ya viwandani. Wazo lenyewe ni la kale.

Hiyo "fimbo na kamba" nayo ni dharau kwa watu wanaojua kazi yao. Wahadzabe wa pembezoni mwa Ziwa Eyasi huchonga upinde kutoka mti mmoja, huufunga kano za wanyama, na kuuvuta hadi mwisho kunahitaji nguvu inayokaribia kilo 30. Upinde wa mwanamume wa Olimpiki mara nyingi ni kama kilo 20 hadi 23. Kwenye nyika ya Tsavo, nyuma ya pwani ya Kenya, Waata, ambao wengine huwaita Waliangulu, walikuwa na pinde ndefu za mti mmoja zilizopita paundi 100, yaani zaidi ya kilo 45. Kwa pinde hizo na mishale yenye sumu ya msunguti waliwinda tembo. Kampeni dhidi ya ujangili ya miaka ya 1950 iliwapeleka wengi wao gerezani. Lakini wahandisi wowote wanaochunguza pinde wangekaa chini na kuwasikiliza wazee wale.

Tofauti ya kazi ni hii: fundi wa upinde wa mti mmoja anasoma nyuzi za mti na kuzifuata zinakokwenda, hata zikikata kona. Fundi wa matabaka anazikata na kuzipanga upya anavyotaka. Ujuzi wa kwanza ni mgumu kuliko wa pili. Nasema hivyo makusudi, kwa sababu wengi hudhani kinyume chake.

"Mti ukiwa mgumu zaidi, upinde unakuwa mkali zaidi. Tumia mpingo."

Si kweli, na hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea.

Mkono wa upinde unapopinda, upande wa mbele unavutwa urefuke na upande wa nyuma unabanwa ufupike. Katikati kabisa ya unene hakuna mvutano wala mbano. Kuna nguvu ya kuteleza tu, kila tabaka likitaka kuteleza juu ya mwenzake. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya kazi inafanywa na ngozi mbili za nje, yaani faiba. Kiini kinatakiwa kiwe chepesi, kilichonyooka nyuzi, kisicho na vifundo, na chenye kushikana na gundi vizuri. Hakihitaji kuwa mbao ngumu kuliko zote.

Mpingo una uzito wa takriban kilo 1,200 kwa mita moja ya ujazo. Ukiutupa majini unazama. Uzito huo ukiuweka kwenye mkono, hasa karibu na ncha, nguvu iliyopaswa kusukuma mshale inatumika kusukuma mbao zenyewe, na mshale unatoka polepole. Ndiyo sababu watengenezaji wa Marekani wanapenda mepo au mianzi kwa kiini. Mianzi tunayo. Nyuzi zake zimenyooka kutoka kifundo hadi kifundo, na zile za karibu na gamba la nje ndizo imara zaidi. Ichanwe, ikaushwe, isawazishwe kwa randa, kisha vipande vibandikwe kwa urefu.

Mpingo una mahali pake: kipande kidogo cha kuimarisha ncha pale uzi unapokaa, au mstari wa pambo ndani ya mpini. Kwa mpini wenyewe, mninga unatosha na kuzidi. Hauchezichezi sana hali ya hewa inapobadilika, unachongeka, na rangi yake haihitaji kusaidiwa. Mkongo ni mzito zaidi na unafaa kwa anayetaka mpini unaotulia mkononi. Mpingo na mtiki vina mafuta ya asili, kwa hiyo uso uliopigwa msasa leo ubandikwe leo, baada ya kufutwa kwa spiriti. Ukiusubirisha siku kadhaa, mafuta yanarudi juu na gundi inakosa pa kushika.

Neno moja kuhusu zinakotoka mbao hizo. Msitu wa Pugu-Kazimzumbwi uko jirani, na ni hifadhi. Hakuna kipande cha upinde kinachostahili kukatwa humo. Vipande vinavyobaki kwenye karakana za samani, vile vinavyoishia kuwa kuni, ni virefu vya kutosha kwa mpini wa sentimita 50 au 60. Na mpingo wa halali upo: vijiji vya Kilwa, kupitia shirika la kuhifadhi mpingo la huko, vilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha misitu inayosimamiwa na jamii mwaka 2009.

"Faiba ni faiba. Ile ya boti na bampa inafaa."

Si kweli. Kati ya yote, hili ndilo linalovunja mikono mingi ya upinde.

Mkeka wa faiba unaotumika kwenye boti, matangi na bampa za magari una nyuzi fupi zilizotawanyika kila upande. Kwa boti hilo ni jema, kwa sababu wimbi linapiga kutoka popote. Mkono wa upinde unavutwa kwa mwelekeo mmoja tu, kutoka kwenye mpini hadi kwenye ncha. Nyuzi zilizolala kwa upana au kimshazari hazibebi mzigo huo. Zinaongeza uzito na kuacha gundi ibebe peke yake. Faiba ya upinde ni ukanda uliotengenezwa kiwandani, nyuzi zote zikienda kwa urefu, zimeshikwa na epoksi chini ya shinikizo, na unene wake huwa karibu milimita 1. Kisha kuna suala la utomvu: poliesta ya mafundi wa boti haishikani na mbao kama epoksi inavyoshikana.

Ukanda huo kwa kawaida huagizwa nje, na gharama yake inauma. Asiyeumudu asidanganywe atumie mkeka. Bora abandike ukanda wa mianzi upande wa mbele wa kiini cha mbao, atengeneze upinde mrefu kidogo usiopinda sana ncha, na akubali mvuto mdogo. Huo ni upinde wa heshima, na utadumu.

"Gundi hushika kadiri unavyoikaza klampu."

Si kweli kwa epoksi. Seremala aliyezoea gundi nyeupe ya mbao anajua kukaza mpaka gundi itoke pembeni, na kwa gundi ile yuko sahihi. Epoksi inahitaji kubaki utando mwembamba kati ya tabaka na tabaka. Ukikaza kupita kiasi unaifukuza yote, na sehemu hiyo inabaki kavu. Kwa macho haionekani. Itajitokeza siku upinde unapovutwa, kwa mlio mkali na mpasuko unaofuata urefu wa mkono.

Gundi nyeupe yenyewe haifai kazi hii. Chini ya mzigo wa muda mrefu inanyumbuka polepole, na joto la mchana wa Dar linaiongezea unyumbukaji. Epoksi ya dakika tano haikupi muda wa kupanga matabaka. Inayotakiwa ni ile inayoganda polepole, iliyopimwa sehemu zake mbili kwa mizani ndogo. Kukadiria kwa macho hakutoshi, kwa sababu kigandishi kikizidi au kikipungua epoksi haikomai kamwe, hata ukisubiri mwezi.

Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Kila uso unapigwa msasa mnene, namba 60 au 80, vumbi linafutwa, na baada ya hapo vidole haviugusi. Kalibu inafunikwa nailoni ili epoksi isiishike. Matabaka yanapakwa pande zote mbili zinazokutana, yanalazwa, yanafungwa yasiteleze. Kwa kubana, tyubu ya baiskeli iliyokatwa utepe mrefu na kuzungushwa kwa mvuto mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho inafanya kazi nzuri kuliko klampu kumi zilizokazwa kila moja kivyake. Mpira unasambaza mbano sawasawa, na mafundi wa baiskeli wanazo tyubu chakavu.

Epoksi nyingi za aina hii hukomaa vizuri zaidi zikipata joto la wastani, kama nyuzi 60 za sentigredi kwa saa kadhaa, kwa kufuata maelezo ya aliyeitengeneza. Sanduku la plaiwudi lenye balbu za zamani za waya na kipimajoto linatosha. Balbu za LED hazitoi joto la maana.

Unaposaga faiba, vaa barakoa ya kweli na mikono mirefu, na fanyia nje. Vumbi lake ni vioo vidogo vinavyoingia mapafuni. Epoksi mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara inaweza kumletea mtu mzio wa kudumu, akalazimika kuiacha kazi anayoipenda. Glavu ni bei ndogo. Watoto wakae mbali.

"Kwa unyevu wa Dar, upinde wa matabaka hauwezi kudumu."

Nusu kweli. Mbao zilizoachwa hewani katika jiji hili hutulia zikiwa na unyevu wa karibu asilimia 14 au 15, na msimu wa masika zinaweza kupanda zaidi. Watengenezaji wa pinde hupenda karibu asilimia 8 hadi 10. Ukibandika mbao mbichi, kisha upinde ukaenda Dodoma au Arusha, zitasinyaa ndani ya faiba isiyosinyaa, na mvutano huo utautesa mshono wa gundi.

Lakini dawa ipo, na ni lilelile sanduku la balbu. Vipande vyembamba hukauka haraka. Vipime kwa mizani ya jikoni kila siku. Uzito ukiacha kushuka, vimefika pale sanduku linapoweza kuvifikisha. Vibandike siku hiyohiyo. Ukishamaliza, vanishi ya kutosha kingoni mwa mikono inazuia unyevu kurudi kwa haraka. Kinachoua upinde uliokamilika kuliko unyevu ni joto la kufungiwa: ndani ya gari lililoegeshwa juani, epoksi inaweza kulainika na matabaka yakaachana. Juu ya kabati, chini ya bati lisilo na dari, nako si mahali pake.

"Ukitaka nguvu mara mbili, ongeza unene mara mbili."

Si kweli. Ukakamavu unapanda kwa unene kuzidishwa kwa unene kuzidishwa tena kwa unene. Ukiuongeza mara mbili, unapata mara nane. Mkono wa milimita 6 ukiufanya milimita 6.6, yaani asilimia 10 tu, upinde wa paundi 40 unaelekea paundi 53. Ndiyo maana kosa la robo milimita kati ya mkono wa juu na wa chini linaonekana waziwazi, na ndiyo maana kifaa muhimu kuliko vyote kwenye benchi hili ni kalipa ya kupimia. Upana hauna makali hayo: ukipunguza asilimia 5 ya upana, unapunguza karibu asilimia 5 ya nguvu. Kwa hiyo marekebisho ya mwisho hufanywa kingoni, bila kugusa uso wa faiba.

Kanuni hiyohiyo inaeleza kwa nini gundi ni moyo wa upinde. Vipande viwili vilivyolaliana bila gundi vinapinda kila kimoja kivyake. Vikibandikwa vikawa kitu kimoja, ukakamavu wake ni mara nne ya ule wa kwanza. Matabaka pia hayatakiwi kuwa na unene mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Hupunguzwa polepole kuelekea ncha, kwa kawaida kama milimita 2 kwa kila mita ya urefu, ili ncha iwe nyepesi na mpindo ugawanyike.

"Upinde wa kufungua vipande ni dhaifu kuliko wa kipande kimoja."

Si kweli. Mpini haupindi, kwa hiyo kuukata na kuufunga hapo hakuondoi kitu, ilimradi bolti ikae kwenye chuma kilichozamishwa katika mbao na pini ya pili izuie mkono kuyumba. Mashindano ya Olimpiki, ambako upigaji upinde ulirudishwa mwaka 1972, hutawaliwa na pinde za namna hii. Shehzana Anwar, aliyebeba bendera ya Kenya kwenye ufunguzi wa michezo ya Rio mwaka 2016, ni mpigaji wa upinde wa ncha zilizopinda, akilenga shabaha umbali wa mita 70. Na kwa mkazi wa Gongo la Mboto kuna faida ya wazi: kitu cha zaidi ya mita moja na nusu kinaingia kwenye begi, unaingia nacho daladala bila kumchoma mtu.

"Kuvuta na kuachia bila mshale ni mazoezi tu."

Si kweli. Mshale ndio unaoondoka na nguvu. Usipokuwepo, nguvu yote inarudi mikononi mwa upinde na kuupasua. Usifanye hata mara moja, na usimruhusu rafiki afanye.

"Upinde si bunduki, kwa hiyo sheria haiuhusu."

Si kweli. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inamtaka mwindaji awe na kibali, chochote alichoshika, na kukutwa na silaha ndani ya hifadhi ya taifa bila idhini ni kosa. Upinde na mishale hutajwa mara kwa mara kwenye kesi hizo. Sumu ya mishale usiiguse kabisa.

Nje ya uwindaji kuna majirani. Mshale wa upinde wa paundi 40 ukipotea juu unaweza kuruka zaidi ya mita 150, na Gongo la Mboto nyumba zimebanana. Wakazi wa huku, waliopitia usiku wa Februari 16, 2011 ambapo maghala ya silaha ya jeshi yalipolipuka, wana haki ya kuulizwa kabla mtu hajaanza kurusha chochote mtaani. Mweleze mwenyekiti wa mtaa unachofanya. Tafuta eneo lenye tuta la udongo nyuma ya shabaha, anza mita 10, na simamisha kila kitu mtu akipita. Viroba vilivyoshindiliwa nguo chakavu za mitumba vinakamata mshale bila kuuvunja. Anayeanza avute paundi 20 hadi 25. Mabega yaliyoharibika hayanunuliki.

"Gundi ikishakauka, kazi imekwisha."

Si kweli, kazi nzuri ndiyo inaanza. Funga uzi wa kwanza kwa mvuto mdogo, tumia Dakroni inayonyumbuka kidogo maana nyuzi zisizovutika huzitesa ncha zisizoimarishwa. Simama mbele ya upinde uangalie kama uzi unapita katikati ya mikono yote miwili. Ukikaa upande, saga kidogo kidogo ukingo mmoja wa mkono hadi uzi urudi katikati. Pima kutoka uzi hadi mwanzo wa kila mkono. Kwa mpigaji anayeshika uzi kwa kidole kimoja juu ya mshale na viwili chini, umbali wa juu uzidi wa chini kwa milimita 3 hadi 6. Uvute hatua kwa hatua, kila hatua mara nyingi, ukisikiliza. Ukisikia mkwaruzo, acha. Ukikaa kimya hadi sentimita 71, upime kwa mizani ya kuning'iniza, andika paundi zake kwa kalamu ndani ya mpini, kisha ndipo upake vanishi.